Kutafuta neno kwenye ukurasa mrefu kwa NVDA: Ctrl+F inahesabu, kielekezi hakisogei

mishale_minne ameuliza:

Habari za saa hizi wakuu. Natumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, kwenye laptopu ya Windows 11, kivinjari ni Chrome. Ukurasa mfupi nasoma kwa mishale bila tatizo. Kazi iko kwenye zile ndefu: tangazo la ajira lenye kada chungu nzima, matokeo ya NECTA, kanuni za mikopo zilizowekwa kwenye PDF. Huko kushuka mstari kwa mstari ni kupoteza siku.

Nikibonyeza Ctrl+F, nikaandika neno na kubonyeza Enter, nasikia "3 of 14", kwa hiyo neno lipo. Nikirudi kwenye ukurasa na kubonyeza mshale wa chini, inaendelea kusoma pale pale nilipokuwa mwanzo.

Nimeambiwa njia sahihi ni NVDA+Ctrl+F halafu NVDA+F3 (NVDA hapo ni kitufe chake maalumu, kwa kawaida Insert). Hiyo ya kwanza inafunguka. Nikibonyeza F3 sauti ya kompyuta inapanda badala ya kwenda kwenye neno linalofuata.

Na la mwisho: kuna wakati inasema neno halikupatikana wakati mtu anayeona anasema liko hapo hapo kwenye skrini. Inakuwaje?

---

Herufi_H amejibu:

Karibu mkuu. Nianze na chanzo, maana ukishakielewa hayo mengine yanakuwa mepesi.

Ukifungua ukurasa, NVDA hutengeneza nakala ya maandishi yake na kukuweka ndani ya nakala hiyo. Mishale yako inatembea humo, na kielekezi chako ni cha humo. Ctrl+F ni ya Chrome. Inatafuta kwenye ukurasa unaoonekana kwa macho na kupaka neno rangi. Vielekezi ni viwili, na kimoja kikisogea si lazima kingine kifuate. Mara nyingine NVDA hufuata, hasa neno likiwa ndani ya kiungo na ukifunga kisanduku cha Chrome kwa Escape. Ukitoka kwa njia nyingine, tuseme Alt+Tab au F6, ndipo unajikuta pale ulipokuwa.

NVDA+Ctrl+F inatafuta ndani ya ile nakala yenyewe, kwa hiyo kielekezi kinahamia kwenye neno moja kwa moja. Hatua zake:

Bonyeza Ctrl+Home kwanza uende juu kabisa. Usiiruke hatua hii. Utafutaji unaanzia ulipo na kwenda mbele, kwa hiyo ukiwa katikati ya ukurasa na neno liko juu yako, utaambiwa halipo. Nusu ya malalamiko ya "halikupatikana" yanaishia hapa.

Kisha NVDA+Ctrl+F. Andika neno. Ukibonyeza Tab utakuta kisanduku cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kiache bila alama isipokuwa unatafuta kifupisho kama TRA na hutaki kusimamishwa kwenye "trafiki" na "transfa". Enter.

NVDA+F3 inakupeleka neno linalofuata, NVDA+Shift+F3 inakurudisha lililotangulia. Kama hujatafuta kitu bado, NVDA+F3 hukufungulia kisanduku cha kuandikia, kwa hiyo usishangae.

Kuhusu sauti kupanda: hiyo ni safu ya juu ya kibodi ya laptopu. Kiwandani imepangwa F3 iwe ya sauti au mwanga, na F3 halisi unaipata ukishikilia Fn. Jaribu NVDA+Fn+F3. Vidole vikigoma, laptopu nyingi zina kufuli la Fn, mara nyingi Fn+Esc. Ukiibonyeza mara moja safu nzima inarudi kuwa F1 hadi F12. Nyingine zinataka ubadilishe kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), na huko NVDA haisomi, utahitaji mtu mwenye macho kwa dakika mbili.

Kama kitufe chako cha NVDA ni Insert na kiko mbali au nacho kinadai Fn, fungua NVDA+Ctrl+K, nenda kwa Tab hadi orodha ya vitufe vya NVDA, weka alama kwenye Caps Lock. Ukihitaji Caps Lock ya kawaida utaibonyeza mara mbili haraka.

Kabla ya yote hakikisha uko kwenye hali ya kuvinjari. Ukiwa ndani ya kisanduku cha kuandikia, NVDA iko kwenye hali ya kuandika na amri hii haifanyi kazi. NVDA+Space inabadilisha hali. Kila upande una mlio wake.

---

safu_na_mstari amejibu:

Herufi_H kamaliza kazi. Mimi naongeza la NECTA, kwa sababu ni ukurasa ambao watu wanateseka nao bure.

Ukurasa wa kwanza ni orodha ya shule, kila moja ni kiungo chenye jina na namba ya kituo. Hapo ni rahisi kutumia NVDA+F7 kuliko kutafuta. Inafunguka orodha ya viungo vyote. Nenda kwa Tab hadi sehemu ya kuchuja, andika herufi chache za jina la shule, orodha inapungua hapo hapo. Rudi kwenye orodha, ukifika kwenye shule yako bonyeza Enter.

Ndani ya ukurasa wa shule ndipo utafute. Namba ya mtahiniwa wa shule ni herufi S, tarakimu nne za kituo, mkwaju, tarakimu nne za mtahiniwa. Huna haja ya kuandika yote. Andika mkwaju na zile nne za mwisho, mfano /0047, pamoja na sifuri zake. Ukiandika 47 peke yake utasimamishwa kila penye 47, hata kwenye namba ya kituo.

Ukishafika kwenye namba, usishuke kwa mishale mitupu. Bonyeza Ctrl+Alt+mshale wa kulia: unahamia seli inayofuata ya mstari ule ule, jinsi, pointi, daraja, kisha masomo na alama zake. Ctrl+Alt+mshale wa chini unakupeleka kwa mtahiniwa anayefuata ukiwa kwenye safu ile ile. NVDA ikisema hauko kwenye jedwali, basi imelichukulia kuwa jedwali la mpangilio tu. Fungua NVDA+Ctrl+B, weka alama kwenye chaguo la kujumuisha majedwali ya mpangilio, kisha ukirudi kwenye ukurasa bonyeza NVDA+F5 usomwe upya. Baadaye iondoe, la sivyo tovuti zilizojengwa kizamani zitakutajia majedwali mpaka uchoke.

(Kwenye baadhi ya mashine Ctrl+Alt+mshale hupindua skrini nzima. Huo ni mkato wa programu ya kadi ya picha. Uzime kwenye mipangilio yake. Ikitokea, Ctrl+Alt+mshale wa juu unairudisha. Wewe huioni tofauti, ila jirani yako ataiona.)

---

shina_la_neno amejibu:

Wakuu, hilo la neno "halipo na lipo" lina upande ambao maelekezo ya Kiingereza hayaugusi, kwa sababu lugha yao neno mara nyingi halibadiliki mbele.

NVDA inalinganisha herufi kwa herufi, na inakubali kipande cha neno. Kiswahili kinapachika viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo ukitafuta neno zima unajinyima. Unataka habari za malipo kwenye mkataba: ukiandika "malipo" utayakosa "atalipwa", "kulipia", "mlipaji", "yaliyolipwa". Andika "lip" na yote yatakamatwa. Ndiyo, utapata na "lipuka" na "lipstiki", lakini kwenye mkataba wa ajira hayo ni nadra.

Chagua shina kwa akili kidogo. Shina la herufi mbili kama "ju" au "pa" litakusimamisha kila sentensi. Herufi tatu hadi tano ndiyo saizi yake. Angalia pia mahali ambapo shina lenyewe hubadilika: "pend" haitakupa "mapenzi" kwa sababu D imegeuka Z. Hapo tafuta mara mbili.

Tahajia nayo. Kuna anayeandika "mwombaji" na kuna anayeandika "muombaji". Andika "ombaj", umewapata wote wawili, na wingi wao pia. Tarehe za mwisho hivyo hivyo: tangazo moja lina "31 Machi", lingine "31/03", lingine "tarehe 31 mwezi wa 3". Badala ya tarehe tafuta "mwisho" au "kabla ya".

Sasa kuna ng'ombe. Kibodi yako inatoa alama iliyonyooka kwenye ng'. Programu za kuandikia na tovuti nyingi huigeuza kuwa ile iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa NVDA ni herufi mbili tofauti, na utaambiwa ng'ombe hayupo kwenye ukurasa wa ufugaji! Dawa ni kuruka alama: tafuta "ombe". Kwa ng'ambo tafuta "ambo" na uvumilie "mambo". "Ambao" haimo, bahati nzuri.

Nafasi kati ya maneno inaweza kukusaliti pia. Watengeneza kurasa huweka nafasi isiyokatika, hasa kati ya "Sh." na kiasi au kati ya "Kifungu" na namba. Wewe unaandika nafasi ya kawaida, hazilingani. Ndiyo maana neno moja la pekee linashinda sentensi nzima. Kwa kiasi cha fedha andika tarakimu tu, na kumbuka mikato: 1,500,000 haitapatikana ukiandika 1500000.

---

Insert_na_Tatu amejibu:

Kwa wenzangu wa JAWS, kisoma skrini kingine cha Windows, msichanganye. Kwenye kurasa za wavuti JAWS yenyewe inaidaka Ctrl+F na kukufungulia kisanduku chake, siyo cha Chrome. F3 ni mbele, Shift+F3 ni nyuma, bila Insert. Ukitaka kwa makusudi kile cha Chrome, bonyeza Insert+3 kwanza, uachie, kisha Ctrl+F. Insert+3 inaambia JAWS ipishe kitufe kinachofuata kiende kwenye programu. Kwa NVDA kazi hiyo hufanywa na NVDA+F2.

Anayetumia Narrator ya Windows: Caps Lock+Ctrl+F kufungua, Caps Lock+F3 mbele, Caps Lock+Shift+F3 nyuma. Mac ni Control+Option+F, kisha G badala ya F kuendelea, ukiongeza Shift unarudi.

Mimi nina maoni tofauti kidogo na Herufi_H. Ctrl+F ya Chrome isitupwe. Ile "3 of 14" ni taarifa ambayo NVDA haikupi. Kabla ya kusoma hukumu au kanuni ya kurasa themanini, kujua kwamba neno limetajwa mara 14 au mara 1 kunakuambia ufuate njia gani.

---

Herufi_H amejibu:

Kwa kuhesabu nakubali. Ila tofauti nyingine ielezwe: Ctrl+F ya Chrome haitafuti maelezo mbadala ya picha, kwa kuwa hayaonekani. NVDA inayatafuta kwa sababu yamo kwenye nakala yake. Kitufe ambacho kwa macho ni kipicha cha lenzi tu, chenye jina "Tafuta" kwa kisoma skrini, utakipata kwa NVDA na si kwa Chrome.

Kinyume chake usitafute maneno ambayo NVDA inayasema yenyewe, kama "link" au "heading". Hayamo kwenye maandishi, yanaongezwa wakati wa kusoma. Kuruka kwenye vichwa bonyeza H, au 1 hadi 6 kwa ngazi. K kwa viungo, E kwa visanduku vya kuandikia, B kwa vitufe, T kwa majedwali. Shift na herufi hiyo inarudi nyuma. Mara nyingi H mbili na utafutaji mmoja vinakufikisha haraka kuliko F3 ishirini.

Na kuna maandishi ambayo hayajafika kwenye ukurasa bado. Tovuti zinazopakia kadiri unavyoshuka, na zile zenye "Soma zaidi" iliyofungwa, hazina hayo maneno mpaka uyafungue. Fungua kwanza, kisha utafute. Kama ukurasa umebadilika na NVDA bado inasoma ya zamani, NVDA+F5.

---

mishale_minne ameandika:

Nashukuruni sana. Fn+Esc imefanya kazi, F3 imetulia. Nimetafuta "lip" kama alivyosema shina_la_neno, inafika, lakini inasoma "lipo ya mwezi wa kwanza". Imekata neno. Hiyo ni hitilafu?

Na PDF mbona hamjaigusa?

---

shina_la_neno amejibu:

Siyo hitilafu. NVDA inaweka kielekezi kwenye herufi ya kwanza ya ulichotafuta na kuanza kusomea hapo, kwa hiyo "ma" imebaki nyuma. Bonyeza NVDA+mshale wa juu usomewe mstari wote. Ukitumia mpangilio wa laptopu ni NVDA+L. Ikumbukwe mstari wa NVDA kwenye wavuti kwa kawaida ni herufi 100, sentensi ndefu inakatwa. Panda mstari mmoja kwa mshale wa juu upate mwanzo wa sentensi, kisha NVDA+mshale wa chini, au NVDA+A kwa mpangilio wa laptopu, isome mfululizo.

Weka pia sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG wakati wa kazi hii. Iko ndani ya NVDA tayari: NVDA+Ctrl+V, chagua sauti ya Swahili. Haipendezi masikioni lakini inatamka kila silabi. Sauti ya Kiingereza inakusomea "malipo" mpaka unadhani umekosea neno.

---

ofisi_bila_kipanya amejibu:

PDF nazichukua mimi.

Ndani ya Adobe Reader NVDA+Ctrl+F inafanya kazi kama kwenye wavuti, ila kuna mpangilio unaowakwamisha wengi. Reader ikikuta faili lenye kurasa 50 au zaidi, kwa kawaida hukipa kisoma skrini kurasa zinazoonekana tu wakati huo. Unatafuta neno la ukurasa wa 63, nakala ya NVDA ina ukurasa wa 1, jibu ni "halipo". Bonyeza Ctrl+K, kwenye orodha ya upande nenda Reading, tafuta chaguo la kurasa dhidi ya waraka, chagua kusoma waraka wote. Faili kubwa litachukua muda kufunguka, kwenye mashine yenye RAM ndogo linaweza kuganda kabisa. Hapo acha mpangilio ulivyo na utumie Ctrl+F ya Reader yenyewe, ambayo inapekua faili lote, kisha usome ukurasa iliyokuangushia.

PDF iliyoskaniwa ni jambo jingine. Ile ni picha ya karatasi, haina herufi hata moja. Dalili: NVDA inasema waraka ni mtupu, au Ctrl+A ikifuatiwa na Ctrl+C haikupi kitu cha kubandika. Hakuna mkato wa kibodi utakaotafuta ndani yake mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. NVDA+R inatambua kilichopo kwenye skrini tu, kwa ukurasa mmoja inatosha, kwa kanuni nzima haitoshi. Ukiweza, mwombe aliyeitoa akupe Word.

Word sasa. Ctrl+F hufungua kidirisha cha pembeni, na kuzunguka kati yake na waraka kunachosha. Tumia Ctrl+H kisha Alt+D: unapata kisanduku cha zamani, kichupo cha kutafuta. Andika, Enter, kisha Escape. Neno limebaki limechaguliwa ndani ya waraka. Kuanzia hapo Shift+F4 inakwenda linalofuata bila kisanduku kufunguka tena. Ctrl+Page Down na Ctrl+Page Up pia zinakwenda mbele na nyuma. Kuangalia umefika wapi, NVDA+mshale wa juu. Hakikisha alama ya "maneno kamili tu" haipo, la sivyo ujanja wa shina haufanyi kazi. Na kwa Word usihangaike na ng'ombe, alama iliyonyooka inakubalika kwa iliyopinda.

Excel: Ctrl+F, andika, Enter, Escape, unabaki kwenye seli. Shift+F4 kuendelea. Tatizo lake ni kwamba hutafuta kwenye fomula, siyo kwenye majibu yake. Jumla iliyopatikana kwa kujumlisha haitapatikana kwa tarakimu unazozisikia. Ndani ya kisanduku bonyeza Alt+T ufungue chaguo zaidi, kisha kwa Tab nenda "Look in" ubadilishe kutoka Formulas kuwa Values. Hapo pia mikato ya elfu itazingatiwa jinsi inavyosomwa kwenye seli.

---

kidole_gumba ameuliza:

Samahani kwa kuingilia uzi. Kwenye simu ya Android je, ipo?

---

Insert_na_Tatu amejibu:

Ipo. Gusa skrini kwa vidole vitatu ufungue menyu ya TalkBack (kisoma skrini cha Android), chagua kutafuta kwenye skrini, andika. Inakupa orodha ya mechi, gusa mara mbili unayotaka. Lakini inatafuta yaliyo kwenye skrini kwa wakati huo, siyo ukurasa mzima. Kwa ukurasa wote ndani ya Chrome fungua menyu ya nukta tatu, "Find in page", andika, kisha tumia vitufe vya mbele na nyuma vilivyo kando ya kisanduku. Ukimaliza gusa karibu na katikati ya skrini. TalkBack mara nyingi inabaki kwenye kisanduku, kama NVDA tu.